Wikiendi moja Venisi na mama mwenye magoti mabovu: nipange vipi?

MtotoWaTanga

Wakuu, salaam.

Niko Munich kikazi. Mama amekuja kumwona mjukuu, na kabla hajarudi Tanga nataka nimpeleke Venisi katikati ya Julai. Ni wikiendi moja tu: tunafika Ijumaa alasiri kwa treni, tunaondoka Jumapili usiku kwa treni ya kulala. Wazo ni la kwake. Shuleni walisomeshwa "Mabepari wa Venisi", ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, na mpaka leo mdai mkali mtaani kwetu anaitwa Shylock. Anataka aione Rialto, pale penye soko na daraja, kwa macho yake.

Shida ni magoti. Ngazi kumi anasimama, ishirini anatafuta pa kukaa. Nasoma kwamba mji hauna gari, una madaraja zaidi ya 400, na karibu yote ni ya ngazi. Halafu bei za hoteli za ndani ya mji zinatisha, wakati Mestre, upande wa bara, naona karibu nusu. Mama anakula halali. Na kuna hiyo ada ya kuingia mjini, sijui inatuhusu au la.

Naomba ushauri wa waliofika. Wa kukejeli mtulie kwanza.

Bahili wa Halali

Mestre mkuu, hapo hakuna mjadala. Treni kutoka Mestre hadi stesheni ya Santa Lucia ni dakika kumi hivi, zinapishana kutwa nzima. Kitanda ni kitanda, ukifumba macho huoni mfereji. Hiyo tofauti ya bei mleni samaki.

Dada wa Padova

Nimesoma Padova, nusu saa tu kwa treni, na Venisi nimeizoea kuliko ninavyoizoea Dodoma. Bahili, ushauri wako unamfaa kijana mwenye begi la mgongoni. Kwa mama huyu mimi napinga.

Venisi ya Julai ni miji miwili. Kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni ni ya watalii wa kutwa. Kutoka Rialto kwenda San Marco, uwanja mkuu wa mji, mnatembea bega kwa bega, jua la nyuzi 30 na zaidi, unyevu kama wote. Jioni wanaondoka, na mji unabaki kwa wenyewe, ambao si wengi: mwaka 1951 visiwani walikuwa wakiishi watu wapatao 175,000, na mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000. Ukilala ndani unaupata mji saa 12 asubuhi na saa 3 usiku. Mchana mnarudi chumbani, mama ananyoosha miguu, mnatoka tena likipoa. Ukilala Mestre huna pa kurudi mchana. Mama atakaa wapi? Ngazi za San Marco mtu akikalia anaondolewa, na faini ipo. Mabenchi ni ya kutafuta.

Kwa hiyo lala ndani, ila usichague hoteli kwa nyota wala picha. Mwandikie mwenye nyumba maswali mawili kabla hujalipa: kutoka kituo cha boti hadi mlangoni kwako kuna madaraja mangapi, na kutoka mlangoni hadi kitandani kuna ngazi ngapi. Majengo mengi ni ya zamani, hayana lifti, na "ghorofa ya kwanza" ya pale inaweza kuwa ngazi thelathini zilizosimama wima. Akijibu "ni karibu tu", achana naye. Unataka nambari.

Mimi ningetafuta karibu na kituo cha Ca' d'Oro, mtaa wa Cannaregio. Unashuka kwenye boti, unapita kichochoro kifupi, unaingia Strada Nova ambayo ni pana na tambarare. Pana maduka ya chakula, na wenyeji wanaishi.

Kuhusu ada, lala salama. Ilianza tarehe 25 Aprili 2024, inawahusu wanaokuja na kurudi siku hiyo hiyo, katika siku maalumu tu. Mwaka 2025 zilikuwa siku 54 kati ya Aprili na Julai, hasa Ijumaa hadi Jumapili, saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni. Euro 5 ukilipa mapema, 10 ukichelewa. Anayelala ndani ya manispaa halipi, na Mestre ni manispaa hiyo hiyo, kwa hiyo hapo Bahili hapotezi kitu. Lakini lazima ujaze fomu ya msamaha kwenye tovuti ya mji na ubebe msimbo wake kwenye simu. Angalia ratiba ya mwaka unaokwenda. Badala ya ada mtalipa kodi ya kulala, euro chache kwa kichwa kwa usiku.

Bahili wa Halali

Dada umenipiga kwa takwimu lakini pochi haijui takwimu. Haya, mama alale ndani. Mtoto alale Mestre 😂

MalindiMoja

Mfikishie mama shikamoo yangu.

Huku kwetu Malindi Kiitaliano tumekikuta nyumbani, na mimi nimefanya kazi na watu wa Veneto, mkoa wenye Venisi, miaka mingi, nikawatembelea kwao. Jambo moja hamjaligusa. "Katikati ya Julai" umesema. Angalia isiangukie wikiendi ya Redentore! Sikukuu yenyewe ni Jumapili ya tatu ya Julai, na fataki hupigwa usiku wa Jumamosi, karibu saa 6. Ni nadhiri ya tauni ya 1575 hadi 1577. Mji ulipoteza makumi ya maelfu ya watu, wakaahidi kujenga kanisa ikiondoka. Ikaondoka, Palladio akachora kanisa kisiwani Giudecca, na kila mwaka hutandikwa daraja la muda juu ya maji kutoka ukingo wa Zattere watu wavuke kwenda kuomba. Mashua hujaa taa, familia zinakula humo humo. Ni kitu cha kuona, usinielewe vibaya. Lakini bei hupanda, boti za abiria hubadilishwa njia, na usiku wa manane maelfu ya watu wanarudi kwa miguu madarajani. Kwa magoti hayo, ama uwe na chumba chenye dirisha la maji, ama sogeza tarehe.

MtotoWaTanga

Aisee. Nimeangalia kalenda, nilikuwa naingia mzima mzima. Nasogeza wiki moja mbele ya hapo. Yaani mapema, si baadaye.

Asante Dada. Sasa ndani ya mji tunasafiri vipi? Na gondola je? Mama kaniambia bila gondola hajafika Venisi.

Dada wa Padova

Usafiri ni vaporetto, boti kubwa za abiria za mji. Nambari 1 inapita Mfereji Mkuu wote na kusimama karibu kila kituo, pande zote mbili. Kutoka stesheni hadi San Marco ni kama dakika 45. Watalii wenye haraka wanaikwepa, wewe ifanye ndiyo matembezi yenyewe. Ipande jioni baada ya saa 3 mkitokea San Marco kurudi, viti vipo, na madirisha ya majumba yakiwa wazi unaona hadi dari zilizochorwa na mataa ya kioo yanavyoning'inia.

Halafu zingatia kituo cha kushukia, maana ramani haionyeshi ngazi. Kwenda uwanja wa San Marco shuka Vallaresso, ingia kichochoro chenye jina hilo hilo, unatokea uwanjani bila daraja hata moja. Watu wengi hushuka San Zaccaria, na hapo kuna daraja la ngazi ambalo limejaa watu wanaopiga picha Daraja la Kilio. Jumba la sanaa la Accademia liko mlangoni pa kituo chake. Mnara wa kisiwa cha San Giorgio Maggiore mnafika kwa nambari 2, na una lifti. Mnauona mji wote, na foleni si ile ya mnara wa San Marco. (Ule wa San Marco nao una lifti. Ulianguka wote Julai 1902, wakaujenga upya ulivyokuwa, ukafunguliwa 1912. Mama mwenye wasiwasi usimsimulie kabla hajashuka.)

Gondola ina bei ya mji: euro 90 kwa nusu saa mchana, 110 kuanzia saa 1 jioni. Bei ni ya chombo, si ya mtu, na wanaingia hadi watano. Nyimbo ni malipo ya pembeni. Mkiwa wawili ni ghali, mkipata familia nyingine ya kuchangia mnapumua.

Lakini kuna njia ya euro 2. Inaitwa traghetto: gondola kubwa ya makasia mawili inayovusha watu Mfereji Mkuu pale ambapo daraja liko mbali. Kimoja kinatoka Santa Sofia, hatua chache kutoka kituo cha Ca' d'Oro, na kinakushusha soko la samaki la Rialto. Ndiyo maana nikakwambia ulale pale. Jumamosi asubuhi mama anavuka kwa gondola, anashuka sokoni, na daraja la Rialto analitazama kutoka chini bila kulipanda. Msiiache hadi Jumapili. Jumapili na Jumatatu soko la samaki limefungwa.

Fundi Dau

Hapo kwenye gondola naomba niingie, maana baba yangu alikuwa fundi wa mashua Pangani na mimi nilikwenda Venisi kwa ajili ya vyombo tu, makanisa nikawaachia wengine.

Kwanza, gondola imepinda. Si kwamba imeharibika, imejengwa hivyo. Ina urefu wa kama mita 11, mbao karibu vipande 280 vya miti minane tofauti, na ubavu wa kushoto umezidi wa kulia kwa sentimita 24. Mpiga kasia ni mmoja, anasimama tezi upande wa kushoto, na kasia lake liko kulia. Chombo kingekuwa sawa pande zote kingezunguka tu. Kwa kuwa kimepinda, kinalala kidogo upande wa kulia na kwenda mbele.

Pili, sisi kasia tunalipitisha kwenye kishwara cha kamba, basi. Wao wana kitu kinaitwa forcola, kipande cha mti wa jozi kilichochongwa kwa mkono, kina viwiko na mabonde. Ukiweka kasia bonde la juu mbele unapata mwendo mmoja, ukilishusha kwenye kiwiko unapata breki, ukilirudisha nyuma unageuza omo papo hapo kwenye mfereji ambao vyombo viwili vinapishana kwa kubanana. Yule bwana hatazami mkono wake kabisa, anaongea na mwenzake aliye darajani. Nilisimama nikimwangalia hadi mke wangu akaenda kula akarudi.

Kama unataka kuona zinakotengenezwa, shuka kituo cha Zattere, tembea na maji hadi mfereji wa San Trovaso, pinda kulia ufuate ukingo bila kuvuka daraja. Ng'ambo utaona banda la mbao lenye gondola zimepinduliwa zinapakwa lami na rangi. Hawaruhusu kuingia hivi hivi, lakini kutazama ni bure.

Mgeni Njoo

Fundi umeandika kama unauza chombo. Weka bei 😄

MtotoWaTanga

Hiyo ya Santa Sofia nimeipenda sana. Vipi kuingia kwenye chombo chenyewe, kuna ngazi?

Fundi Dau

Kuna gati la mbao, unashuka hatua chache na wapiga kasia wanakushika mkono. Wenyeji wengine husimama, mama akae tu ubavuni. Mwambie asubiri chombo kitulie, akanyage katikati, si ukingoni. Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa hilo.

MalindiMoja

Chakula. Visiwani halali yenye cheti ni ya kutafuta. Mestre, karibu na stesheni na barabara ya Via Piave, kuna Wabangladeshi wengi, wana maduka na migahawa ya halali. Lakini hamtakwenda Mestre kula kila siku, na hakuna haja. Huu ni mji wa bahari.

Mwulizie baccalà mantecato: samaki mkavu aliyelowekwa, akachemshwa, akapondwa na mafuta hadi akawa laini kama siagi, anapakwa juu ya mkate au juu ya polenta. Polenta ya kule ni ya mahindi meupe. Mama akiiona atasema ugali, na atakuwa sahihi. Sarde in saor ni dagaa wakubwa wa kukaanga waliolazwa kwenye vitunguu, siki na zabibu kavu. Tambi nyeusi za wino wa ngisi azijaribu kama hajali kuchafua meno. Risotto uliza kabla, mara nyingi hupikwa na mvinyo. Sema "senza vino, senza maiale", bila mvinyo, bila nguruwe. Wanaelewa na hawanuni.

Mambo ya bili: mkikaa mezani kuna coperto, malipo ya kiti kwa kila kichwa, hata kama hamkugusa mkate. Si wizi, imeandikwa kwenye menyu kwa herufi ndogo. Kahawa ukinywa umesimama kaunta ni bei moja, ukikaa nje ni nyingine, na ukikaa uwanja wa San Marco wakati bendi inapiga unalipia na muziki. Samaki huandikwa bei kwa gramu 100, hapo ndipo watu hulia. Uliza uzito kabla hajaingia jikoni. Maji msinunue, kuna mabomba ya maji safi zaidi ya 100 mitaani, bebeni chupa. Choo cha umma ni euro 1.50, weka sarafu tayari kwa ajili ya mama.

Mzee wa Ngamiani

Mwanangu, mama yako wa Tanga usimrudishe bila kumwonyesha mambo yanayomhusu.

La kwanza, shanga. Tanuri za kioo zilihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291 kwa kuhofia moto mjini. Karne ya 19 shanga za Venisi zilikuwa zikishushwa Unguja kwa mapipa, zinatungwa, zinabebwa vichwani kwenda Tabora na Ujiji. Misafara ilikuwa na majina yake kwa kila aina, na zile nyekundu za samisami zilipendwa sana bara. Kila kabila lilikuwa na rangi yake, na mfanyabiashara akikosea rangi anarudi na mzigo wake. Murano kuna jumba la makumbusho ya kioo. Nendeni kwa vaporetto ya kawaida. Mtu akikupa boti ya bure hotelini, ujue mwisho wake ni chumba cha mauzo chenye muuzaji asiyechoka.

La pili, ramani ya Fra Mauro. Ni ya mnamo 1450, kazi ya mtawa wa kisiwa cha San Michele, duara kubwa kuliko mtu aliyenyoosha mikono. Kusini iko juu. Afrika ameichora imezungukwa na bahari, na Bahari ya Hindi iko wazi, nusu karne kabla Vasco da Gama hajazunguka. Aliwasikiliza mabaharia. Iko Maktaba ya Marciana, mnaingilia Museo Correr, na tiketi ni ile ile ya Palazzo Ducale, jumba la watawala wa zamani.

La tatu, pale Accademia kuna mchoro wa Carpaccio wa mwishoni mwa karne ya 15, unaonyesha Rialto wakati daraja bado ni la mbao. Hili la mawe lilimalizika 1591. Tazameni mifereji kwa chini: mmoja wa wapiga gondola ni Mwafrika, kofia yenye unyoya kichwani. Watu wanapita wakitafuta muujiza uliochorwa juu kushoto, yeye hawamwoni.

Na mkiwa kwenye nambari 1 mkipita kituo cha San Stae kuelekea stesheni, kushoto mtaona jumba jeupe la matao mengi. Ni Fondaco dei Turchi. Wafanyabiashara wa Kituruki walipangishwa humo kuanzia 1621 hadi 1838, walikuwa na mahali pa kuswalia na hamamu ndani. Sasa ni makumbusho ya viumbe.

MtotoWaTanga

Mzee shikamoo. Hapo kwenye shanga mama nimemsomea, kaacha kukata kitunguu. Anasema bibi yake alikuwa nazo.

Basi rasimu ni hii, ipondeni:

Ijumaa: kufika, boti hadi Ca' d'Oro, kupumzika. Usiku nambari 1 kwenda na kurudi.
Jumamosi: traghetto na soko la samaki asubuhi, kisha Murano na Burano, kisha San Marco, Palazzo Ducale na ramani, jioni gondola.
Jumapili: Basilika ya San Marco, Accademia, Zattere kwa Fundi, San Giorgio, treni.

Dada wa Padova

Jumamosi umempangia askari. Burano ifute. Ni nzuri, nyumba za rangi na kazi za lesi, lakini kutoka gati la Fondamente Nove ni kama dakika 40 kwenda tu, na boti za Julai watu wanasimama njia nzima. Murano nayo, kama shanga ndiyo haja, iwe Jumamosi baada ya soko, mrudi saa 7 mlale. San Marco iwe saa 11 jioni kwa kuona uwanja na kukaa. Palazzo na ramani hamishia Jumapili asubuhi mlango unapofunguliwa, tiketi mkiwa mmeikata mtandaoni. Ukinunua siku 30 kabla inapungua. Waambie mlangoni kuhusu magoti, kuna njia ya lifti.

Basilika Jumapili asubuhi ina misa, watalii huruhusiwa mchana. Mabega na magoti yafunikwe, mama na mtandio wake hana shida, wewe ndiye uvae suruali ndefu. Begi kubwa haliingii. San Giorgio na Accademia chagua moja. Saa za jua kali kabisa nendeni Giardini, boti inawashusha mbele ya miti na mabenchi, hakuna daraja. Na dawa ya mbu msisahau.

MalindiMoja

Pasipoti za wote wawili mkononi. Viza ya Schengen ya Ujerumani inamtosha mama kuingia Italia, lakini kwenye treni za kuvuka mpaka polisi hukagua, hasa mkirudi kuingia Bavaria, na usiku wa manane kutafuta pasipoti chini ya mabegi si raha.

MtotoWaTanga

Nimebadilisha yote. Burano imefutwa, San Giorgio imeshinda Accademia kwa sababu ya lifti, Mzee anisamehe kwa mpiga gondola wake. Chumba nimepata: madaraja sifuri, ngazi nane. Mwenye nyumba kahesabu mwenyewe akanitumia na picha.

La mwisho, tiketi ya vaporetto. Saa 48 au 72?

Bahili wa Halali

Hapa sasa ni kwangu. Kwa bei za 2025, safari moja ya dakika 75 ni euro 9.50, saa 24 ni 25, saa 48 ni 35, saa 72 ni 45. Saa zinahesabiwa tangu ulipogonga tiketi mara ya kwanza kwenye mashine, si kwa siku za kalenda. Ukigonga Ijumaa saa 9 alasiri, ya saa 48 inakufa Jumapili saa 9 alasiri, na nyie treni yenu ni usiku, mnahitaji boti ya kurudi stesheni. 35 na 9.50 ni 44.50. Umeokoa senti 50 na kujinunulia wasiwasi wa mchana mzima.

Nunua ya 72.

Dada wa Padova

Jamani, Bahili kasema nunua ya ghali. Mtu apige picha.